Umefunga turbo kwenye 1HZ? Usiache rejeta na klachi vilevile

Gereji ninayofanyia kazi ipo Unga Limited, Arusha, na magari ninayoyashika zaidi ni Land Cruiser za safari zenye injini ya 1HZ. Msimu wa wageni ukikaribia, wenye magari huja na ombi lilelile: "Fundi, nifungie turbo, gari ikipanda Mto wa Mbu inalia tu, haiendi." Turbo ni pampu inayoendeshwa na moshi wa ekzosi na kusukuma hewa zaidi ndani ya injini. Nawaelewa. 1HZ ni lita 4.2 bila turbo, nguvu ya farasi kama 130 hivi. Ukiipa bodi iliyorefushwa, wageni, mabegi, friji na matairi mawili ya akiba, imeshalemewa. Halafu ukingo wa Ngorongoro uko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kule hewa ni kama robo tatu ya ile ya Tanga. Turbo inarudisha hewa iliyopungua. Mimi mwenyewe nazifunga na matokeo nayapenda.

Lakini wengi hulipia turbo wakaishia hapo, na gari linarudi limeunguza gasketi ya silinda hedi. Dizeli ikiungua, kama theluthi tu ndiyo inayosukuma gari. Iliyobaki ni joto, na lazima litoke kwa ekzosi, rejeta na oili. Ukiongeza hewa na dizeli, umeongeza nguvu na joto kwa pamoja. Kwa hiyo mteja akiwa na bajeti ndogo namwambia wazi: bosi, turbo isubiri, tuanze na rejeta.

Rejeta ya zamani usiiamini kwa kuitazama tu. Washa injini mpaka ipate moto vizuri, izime, kisha pitisha kiganja taratibu mbele ya rejeta bila kugusa mfuniko. Joto linatakiwa lishuke pole pole kutoka juu kwenda chini. Ukikuta mstari wa baridi katikati ya sehemu za moto, mirija ya hapo imeziba. Maji hayapiti, na kabla ya turbo hukujua kwa sababu injini haikuwa ikiidai rejeta kazi kubwa hivyo. Ipeleke ikafunguliwe na kuzibuliwa, au ununue ya shaba yenye safu nyingi zaidi za mirija. Kati ya rejeta na kondensa ya AC hujaa vumbi la Ndutu na mbegu za nyasi. Osha kwa maji ya presha ndogo ukitokea upande wa injini, usukume uchafu urudi ulikotoka.

Mfuniko wa rejeta watu wanaudharau, na mimi siuachi kamwe. Pale ukingoni maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi. Mfuniko mzima wa presha ya baa 0.9 unaongeza zaidi ya nyuzi 20 kabla hayajachemka. Mpira wake ukichoka, umepoteza akiba hiyo yote kwa kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye gari. Ndani weka kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Maji ya mtoni na ya bomba yana madini yanayoganda ndani ya mirija.

Tamostati, vali inayofungulia maji ya moto yaende kwenye rejeta, isitolewe! Nasema hivi kwa uchungu, maana naletewa magari mengi ambayo fundi fulani ameing'oa "ili maji yapite vizuri." Tamostati ya injini hii ina sahani ya chini ambayo, ikifunguka, inaziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, na ukipanda mlima na mzigo gari linachemsha zaidi. Weka mpya na halisi.

Feni nayo. Kupanda kutoka kreta kwa njia ya Lerai unakwenda kwa gia ndogo, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Upepo wa mbele haupo, feni ndiyo inayobeba kila kitu. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe feni kwa mkono: ikizunguka kirahisi bila kukataa, mafuta ya silikoni ndani ya klachi yake yamekwisha, na yanaweza kuongezwa. Kava la plastiki linaloizunguka feni lirudishwe kama lilitupwa. Ukitaka intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), angalia unaifunga wapi, kwa maana ikikaa mbele ya rejeta inaitupia hewa ambayo tayari ina joto.

Kwenye turbo yenyewe sipitishi presha ya hewa ya psi 8, kwa kuwa injini hii tayari inagandamiza hewa sana. 1HZ imetengenezwa na mgandamizo wa zaidi ya 22 kwa 1, wakati 1HD-T, ndugu yake iliyotoka kiwandani na turbo, ina 18.6. Weka ekzosi ya inchi tatu, na ufunge geji ya joto la ekzosi, kipimo chake kikae kabla ya turbo. Kwenye mlima mrefu mwisho wangu ni nyuzi 650. Likizidi hapo, fundi wa pampu apunguze dizeli. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa, na hiyo ndiyo inayopasua hedi.

Sasa klachi. Panda mlima wa Mto wa Mbu ukiwa na mzigo, gia ya nne, mzunguko 1,800, kanyaga mafuta mpaka chini. Mshale wa mzunguko ukipanda na mwendo usipopanda, klachi inateleza. Nunua plet na presha plet za kazi nzito, fraiwili ipigwe lezi, na beringi ya klachi ibadilishwe hapohapo, kwa sababu kushusha giaboksi mara ya pili ni gharama ileile.

Kwenye giaboksi oili ndiyo ulinzi wako: 75W-90 ya GL-4, na kwenye difu GL-5. Dereva naye afundishwe. Gia ya nne inapitisha nguvu moja kwa moja, ya tano inapita kwenye meno madogo ya pembeni. Ukiwa na turbo unajisikia kupanda na tano kwa mzunguko mdogo kwa kuwa gari linavuta. Usifanye hivyo. Rudi nne, meno ya tano yatadumu na joto la ekzosi litashuka.

Propela shafti ishike kwa mikono miwili uizungushe huku na huku. Krosi ikigonga, badilisha. Greisi iingizwe kila baada ya safari ya vumbi, mpaka ile ya zamani itoke. Maunting za injini zikague pia, nguvu mpya inazichana.

Kipumulio cha difu kivutwe kwa mpira mpaka juu kwenye injini. Difu la moto likiingia mtoni linapoa ghafla na kuvuta maji ndani, na oili iliyochanganyika na maji haina ulinzi wowote kwa meno yanayobeba nguvu zaidi ya zamani.

Wenye sapchaja (pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe) kwenye injini ya petroli, yote ya kupoza na klachi yanawahusu, ila ninyi sikilizeni zaidi mlio wa kugonga ndani ya injini.

Kazi ikiisha, litembeze gari kilomita 1,000 bila wageni. Lirudishe, tukaze bolti za manifoldi, tuangalie hozi na mivujo, tumwage oili ya injini. Baada ya hapo oili iwe kila kilomita 5,000, na ukifika Loduare, lango la Ngorongoro, iache injini ingurume taratibu dakika mbili kabla ya kuizima.