Unyumba wakati wa ujauzito: mwongozo kwa mke na mume wa Lamu

Ujauzito usio na matatizo hauzuii tendo la ndoa, hata katika miezi ya mwisho. Mtoto yumo ndani ya chupa ya maji, amezungukwa na ukuta wa kizazi, na mlango wa kizazi umezibwa kwa ute mzito. Uume haumfikii. Kinachovuruga nyumba nyingi ni kimya: mume hujitenga kwa kuchelea kumuumiza mtoto, mke naye huona hatakiwi tena.

Basi anzeni kwa kuzungumza, na isiwe kitandani. Baada ya Isha, watoto wakishalala, kila mmoja amwambie mwenziwe linalomtisha, linalomuuma na linalompendeza. Somo aliyemfunda bibi harusi anaweza kusaidia, lakini la damu na maumivu lipelekeni kliniki.

Miezi mitatu ya mwanzo, harufu ndiyo mtihani. Udi na asumini alizozipenda jana huweza kumtapisha leo. Acheni kufukiza chumba, fungueni madirisha, na mume atokaye kuvua aoge kwa sabuni isiyonukia kabla ya kumkaribia mkewe. Akiwa hoi, mkande miguu na mgongo kwa dakika 10, usidai zaidi. Kuanzia wiki ya 14 hivi wengi hupata nafuu, na damu inayozidi kwenye nyonga huweza kuamsha hamu. Wengine hamu haiji kabisa; nao hawana kasoro.

Tumbo likikua, badilisheni mkao. Baada ya wiki ya 20 mke asilale chali kwa muda mrefu, kwa sababu kizazi hukandamiza mshipa mkubwa urudishao damu moyoni, akapata kizunguzungu. Alalie ubavu wa kushoto, mto mmoja chini ya tumbo na mwingine katikati ya magoti, mume akiwa nyuma yake. Au mke awe juu, apime mwenyewe kina na mwendo. Samadari, yaani kitanda, iliyoinuka inafaa pia: mke ainame, mikono na kifua vikiegemea mito ukingoni, mume asimame nyuma. Pakiuma, simameni papo hapo. Ukavu hutibiwa kwa kilainishi cha maji. Mafuta ya nazi huozesha kondomu, msivichanganye. Shabu ya kubana uke iacheni, inachubua. Mume asipulize hewa ukeni kamwe: ikiingia kwenye mishipa ya damu inaweza kuua.

Mkitaka kukumbatiana tu, au kubusiana na kupapasana, huo nao ni unyumba kamili.

Baada ya kilele tumbo huweza kukaza kwa dakika chache kisha likalegea. Matone machache ya damu pia hutokea, maana mlango wa kizazi umejaa damu. Hata hivyo mwambieni mkunga. Ule utando mweupe anaozaliwa nao mtoto haukutokana na manii, kama wasemavyo baadhi ya watu. Ni ngozi yake mwenyewe inayoutoa, na unamlinda. Mama asisutwe kwa hilo.

Acheni kabisa kuingiliana, hadi daktari aruhusu, ikiwa kondo la nyuma limeziba njia, chupa imepasuka, mlango wa kizazi umelegea mapema, au kuna damu isiyoelezeka. Pimeni pamoja Virusi vya Ukimwi na kaswende: mume akiambukizwa mke akiwa mjamzito, mtoto naye huwa hatarini. Palipo na shaka, kondomu kila mara.

Damu ikitoka kama ya hedhi, maji yakichuruzika, au tumbo likikaza kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37, nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Walio Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, wawe na namba ya nahodha tangu mapema na wajue saa za maji kujaa, kwani maji yakitoka, mkondo wa Mkanda, ulio kati ya Manda na bara, huwa haupitiki kwa urahisi. Kitabu cha kliniki kikae mlangoni.