Pikipiki ya zamani spea hazitoki tena? Chek haya kabla hujashika spana

Wakuu, mimi natembelea Honda CG125 ya mzee, zile za zamani kabisa, aliinunua akiwa bwana mifugo huko Sengerema na siku ananiachia aliniambia neno moja tu, usiifungue ovyo. Sikumsikia. Niliifungua Jumamosi asubuhi hapa nyumbani Igoma, Mwanza, nikijua jioni nakimbiza, ikaja kuwaka baada ya wiki saba. Na hizo wiki saba sikuwa namsubiri fundi, nilikuwa nazunguka mjini na pistoni mfukoni kama mtu anayetafuta mchumba. Kwaiyo haya namwandikia mwenye chombo cha namna hiyo, iwe CG, XL, Yamaha DT au Suzuki TF, ambacho bado kinatembea. Bado kinatembea, shika hapo, maana kipimo unakichukua kwenye kitu kizima, kikishasagika utapima unga.

Cha kwanza acha kuuliza spea kwa jina la pikipiki. Ukiingia dukani ukasema nipe beringi ya CG ya kizamani, kijana wa kaunta hata hageuki kuangalia shelfu, anakujibu hiyo haitoki tena kaka. Uliza kwa namba. Beringi haijui imefungwa kwenye pikipiki gani, futa grisi pembeni yake utaona imeandikwa 6301 au 6202 na kadhalika, na hiyo 6301 ni tundu milimita 12, upana wa nje 37, unene 12, iwe imetoka Japani au China ni ileile. Tarakimu mbili za mwisho ndo zinakwambia tundu: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, kuanzia 04 kwenda juu unazidisha kwa 5, yaani 04 ni 20. Ukiona 2RS ina raba pande zote mbili, ZZ ina bati, na kwa vumbi letu hili na matope ya masika we chukua ya raba. Za tairi la mbele mimi nilizipata kwa wauza vifaa vya mashine za kusaga, duka la pikipiki walishasema hazipo. Oil sili nayo hivohivo, ina namba tatu usoni, tundu, upana wa nje na unene. Zikiwa zimefutika tumia venia, kile kipimo cha taya kinachosoma mpaka sehemu za milimita, na kama huna venia azima, usipime kwa rula ya mtoto wa shule.

Ukiwa na namba ya kiwandani pia ni mtaji. Za Honda zinaandikwa tano, tatu, tatu. Zile tano za mwanzo zinataja ni kifaa gani, 13101 ni pistoni, 22870 ni waya wa klachi, tatu za katikati zinataja modeli iliyotengenezewa kwanza. Sasa kiwanda kikiifuta namba kwenye orodha yake haina maana kifaa kimekufa, mara nyingi kuna namba mpya imechukua nafasi yake, muulize muuzaji akuangalizie hiyo mpya kabla hujakata tamaa.

Haya tuje kwenye injini, ambako ndo niliumia. Wenye CG tuna bahati kidogo, hii kitu ilitoka 1976 na injini yake ya fimbo za kusukuma valvu Wachina waliikopi mpaka basi, na Pakistani wanaiunda mpaka leo, kwaiyo pistoni ya milimita 56.5 haijapotea duniani. Ila kufanana kwa upana hakutoshi. Pima pini ya pistoni, ya CG ni milimita 15, afu pima kutoka katikati ya pini mpaka kichwani, maana pistoni ikiwa ndefu kidogo tu inagonga hedi, ikiwa fupi pikipiki inakosa nguvu unaanza kulaumu kabureta. Na angalia usiuziwe ya CG ya cc 150, ile ni milimita 62, ukiwa na haraka na mwanga hafifu wa dukani zinafanana.

Kosa langu sasa. Bloku, yaani silinda pistoni inamopanda na kushuka, ilikuwa imekwaruzika, nikaipeleka kwa mtu mwenye mashine ya kuchonga, nikamwambia piga nusu milimita, akapiga, kazi safi kabisa. Nikatoka kwenda kununua pistoni ya 0.50, yaani iliyozidi upana wa kiwandani kwa nusu milimita. Haipo. Mjini kote nikakuta 0.25 na 0.75, moja ya 0.50 niliyoipata haikuwa na ringi zake, kuna aliyeniambia nipige simu Kampala, mwingine akasema subiri mzigo wa Dar. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Mwisho nikarudi bloku ikachongwa tena mpaka 0.75, maana yake imebaki hatua moja ya 1.00 na baada ya hapo ni kuivisha slivu mpya. Fundi mmoja mzee pale Mabatini alinicheka mpaka akavua miwani, akasema ng'wanawane, yaani mwanangu kwa Kisukuma, umeshona suruali kabla hujampima mtu. Kwaiyo nunua pistoni kwanza, na ringi zake, na pini yake, ziwe mkononi, ndo umpelekee mchongaji pistoni na bloku pamoja aipime pistoni yenyewe na kuacha nafasi anayoijua yeye. Hata kama boksi limeandikwa 0.50 asiamini boksi.

Gasketi za kava zisikusumbue, nunua karatasi ya gasketi, ilaze juu ya kava ugonge taratibu kwa nyundo ndogo kufuata ukingo inajikata yenyewe. Ya hedi usithubutu kuikata kwenye hiyo karatasi, haitahimili moto wa mle ndani. Itafute kabla hujafungua hedi, sio baada.

Umeme. Kabla hujachomoa chochote piga picha nyaya zote, kila soketi, kwa simu, mchana kweupe. Kwenye Honda kijani ni athi, kwenye Yamaha athi ni nyeusi, kwaiyo fundi aliyezoea moja akishika nyingine bila kuuliza anaweza kukuunguzia kitu. Soma na betri kama ni volti 6 au 12, za zamani nyingi ni 6, na balbu ya 6 ukiifunga kwenye 12 haimalizi hata safari ya kwenda dukani. Halafu CDI, kile kiboksi cha umeme kinachoamuru plagi itoe cheche: ya kwangu ilishahamishwa zamani kutoka platini, mfumo wa kizamani wa kukata umeme kwa vyuma viwili vinavyogusana, nikanunua CDI nyingine ambayo soketi ziliingia vizuri kabisa, elfu ishirini ikaenda, cheche hakuna. Kumbe kuna zinazokula umeme wa magneto, unaozalishwa na injini yenyewe ikizunguka, na kuna zinazokula wa betri. Cha kufanya ikiwa bado inawaka ni chomoa betri kisha piga kiki, ikiwaka ujue yako inakula magneto, mwambie muuzaji hivo. Dukani waligoma kuirudisha, kifaa cha umeme kikishatoka hakirudi, ndo sheria yao.

Cheni, kama ni 428 hesabu pini na meno ya sipoketi, afu ile sipoketi ya nyuma ibebe yenyewe kwenye kiroba, tundu la katikati na nafasi za bolti huwezi kuzieleza kwa mdomo ukaeleweka. Waya wa klachi unatengenezewa, pima ganda na pima waya unaochungulia. Bureki shuu za zamani usizitupe, zinabandikwa upya ile laini, ngozi ngumu inayosugua.

Wengine wanashauri ununue kimeo kizima, yaani pikipiki mbovu ya aina yako, uwe unakichuna spea taratibu. Ni wazo zuri na mimi nalipenda, tena tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 kwenda Sengerema kukitafuta sio safari ya kusubiri kivuko. Lakini kwanza omba kadi, soma namba ya chesisi na ya injini kwa macho yako, mwenye mali akianza kusema kadi iko kwa mjomba Geita we aga uondoke. Na ukihamisha injini nzima kuiweka kwenye fremu yako, namba haitalingana na kadi, hilo limalize TRA mapema kabla trafiki hajakumalizia barabarani.

Kilichonishinda mpaka leo ni kava la pembeni la kushoto. Hapo venia haisaidii, nimechongewa la bati na fundi wa mabati, limekaa vizuri ila rangi haikushika. Ukipishana na CG nyekundu Igoma ina kava moja limepauka, piga honi.