Kabla ya kumfungulia shauri mpangaji anayechelewesha kodi

Mwenye nyumba wa Dar es Salaam anayedai kodi ya miezi miwili hushikwa na hasira ya kung'oa mlango au kuweka kufuli lake juu ya la mpangaji, na hapo ndipo mdai anapoweza kugeuka mshtakiwa. Njia halali ni notisi ya maandishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako ada, nauli na malipo ya dalali wa baraza, yule anayetekeleza amri zake, humtoka mwenye nyumba kwanza, huku mpangaji akiendelea kulala bure. Piga hesabu hiyo mapema. Mara nyingi ni nafuu, ingawa inauma, kusamehe sehemu ya deni kwa makubaliano ya kuhama tarehe maalumu, yaliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, bili ya maji ikitajwa humo humo.