Mvua imegoma? Zika chungu pembeni ya mmea

Kwa wenye nyanya, pilipili au biringanya nje na jua halina huruma: chukua chungu cha udongo ambacho hakijapakwa rangi wala kung'arishwa, kizike hadi shingoni, umbali wa kama sentimita 15 hadi 20 toka kwenye shina, jaza maji, funika mdomo ili mbu wasizaliane na maji yasipotee hewani. Kama kina tundu chini ziba kwanza na saruji. Udongo ukikauka unavuta maji kupitia vitundu vidogo vidogo vya chungu, ukishalowa unaacha, kwahiyo mmea unakunywa kadiri ya kiu yake na mizizi inafuata maji chini badala ya kubaki juu inaungua, mi naona hii inashinda kumwagia juu mchana ambako mengi yanaishia kuwa mvuke tu.

Kabla hujazika jaribu hivi: kijaze, kiache saa kadhaa, kisha kipapase kwa nje, kikiwa kimebadilika rangi na kina ubaridi wa unyevunyevu kinafaa, kikiwa kikavu kabisa achana nacho.

Pale inapogoma: miche midogo bado mizizi haijafika, hiyo mwagilia kwa mkono kwanza. Mchanga mtupu nao haufai sana, maji yanazama chini hayasambai pembeni. Na maji ya chumvi yanaziba vile vitundu, ukiona chungu hakipungui kama zamani kitoe ukisugue na brashi ngumu.