Jiko la peleti linawaka kisha linazimika: mambo ya kuzingatia kabla ya kununua spea

Kabla hujashika bisibisi, liwashe mara moja zaidi, ukae mbele ya kioo utazame linavyozimika. Moto ukifa huku peleti (vijipande vya mbao iliyoshindiliwa) zimerundikana kwenye kikombe cha moto, pale zinapoungulia, chakula kipo ila hewa haitoshi. Ukifa kikombe kikiwa kitupu, kilichokatika ni peleti. Na kama jiko linawaka lenyewe, kiwashio ni kizima. Usikinunue, hata kama fundi ana haraka ya kukuuzia.

Ukishaona, lizime, lipoe kabisa, chomoa waya ukutani.

Peleti: vunja moja kwa vidole. Nzuri inakatika kwa mlio. Ni unga wa mbao ulioshindiliwa tu, kwa hiyo ikilowa huvimba na kurudi kuwa unga. Unyevu usizidi asilimia 10. Angalia pia ndani ya tangi la peleti, chini kabisa. Vumbi likijaa pale, peleti zinashikana juu na kuacha uwazi, na wewe unaona tangi limejaa wakati parafujo, ile skrubu ndefu inayosukuma peleti kwenda kwenye moto, inazunguka bure.

Kikombe: kwangua mabonge ya majivu, zibua kila tundu. Gasketi ya mlango, ule ukanda unaoziba ukingo wake: bana karatasi, funga, vuta. Ikichomoka kirahisi, badilisha.

Sasa swichi ya presha, na hapa usiniruke. Imeungwa kwa mpira mwembamba hadi kwenye njia ya moshi au chumba cha moto. Feni ya moshi ikivuta vizuri, swichi inaruhusu parafujo kusukuma peleti. Mvuto ukipungua inakata, na moto unakufa kwa njaa. Kwenye jiko kuukuu, mara nyingi swichi haina kosa lolote: mpira umeziba au umepasuka, au bomba la moshi limejaa.

Jirani yangu aliita fundi, naye akaziunga nyaya mbili za swichi moja kwa moja. Jiko likawaka usiku kucha. Fundi akalipwa, akasifiwa. Bomba hakulifungua mtu, na kona yake ilikuwa imejaa majivu. Baada ya muda feni ikashindwa kabisa kuvuta, lakini parafujo haikuwa tena na wa kuizuia, ikaendelea kumimina peleti juu ya moto usio na hewa. Moshi ukarudi ndani watu wamelala. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na moshi wenyewe haukumwamsha mtu. Kilichowaamsha ni king'ora cha gesi hiyo ukutani. Walitoka nje na nguo za kulalia, mmoja akitapika. Baadaye fundi mwingine alisafisha bomba, akazibua mpira, akarudisha nyaya zilipokuwa. Jiko halijazimika tena. Swichi ilikuwa nzima siku zote, ikisema kweli, na watu wakaiziba mdomo.

Basi: usiunge nyaya za swichi moja kwa moja. Chomoa mpira kwenye swichi kwanza, ndipo uuzibue. Ukipuliza ukiwa umeunganishwa unaweza kupasua utando wa ndani, na hapo ndipo utahitaji swichi mpya kweli. Fungua bomba hadi mwisho, pamoja na kona ya chini yenye kifuniko, na feni yenyewe uitoe mapanga yake yakwanguliwe. Nyuma ya kuta za chumba cha moto pia kuna vijia vya majivu ambavyo wengi hawajui vipo. Kufagia sehemu inayoonekana kwenye kioo si kusafisha jiko.

Yote hayo yakiwa safi na bado linazimika, ita fundi apime kihisi cha joto na bodi ya umeme inayoliongoza jiko. Umtazame anachofanya na nyaya.

Mengine unayajua. Usifyonze majivu kwa mashine ya kawaida ya vumbi, kaa dogo linaweza kukaa hai humo muda mrefu. Ndoo ya majivu iwe ya chuma, yenye mfuniko, ikae nje mbali na mbao. Betri za king'ora zibadilishwe kabla ya baridi kuanza. Usipande paa peke yako.