SOMO: Kuondoa uvundo kwenye AC ya gari (soma hadi chini ndipo uulize)

Naandika hili ili nikiulizwa tena nimwelekeze mtu hapa, nikalale. Swali ni lilelile: "Mkuu, nikiwasha AC gari linanuka soksi, nifanyeje?" Na muulizaji karibu kila mara ameshatundika manukato matatu kwenye kioo, kwa hiyo sasa gari linanuka soksi zilizopakwa vanila. Hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite.

Nyuma ya dashibodi kuna evaporeta. Ichukulie kama rejeta ndogo ya alumini, inayopoa sana gesi inapopita ndani ya mirija yake. Feni inasukuma hewa juu yake, hewa inapoa, na unyevu uliomo unageuka matone, vilevile glasi ya maji baridi inavyotoka jasho mezani. Matone hayo yanatakiwa yashukie kwenye mpira mdogo na kudondoka chini ya gari. Sasa wewe unafika, unazima kila kitu kwa mpigo mmoja, unaondoka. Evaporeta inabaki gizani, imelowa, ina vumbi. Kuvu na bakteria wamepata nyumba ya bure.

Kwa hiyo KUONGEZA GESI HAKUONDOI HARUFU. Gesi inazunguka ndani ya mirija iliyofungwa, hewa unayoivuta haipiti humo. Ukiongezewa gesi kwa ajili ya uvundo, umelipia kitu kingine.

Kabla hujashika bisibisi, nusa vizuri. Somo hili linahusu harufu ya soksi, siki, au tambara lililosahaulika kwenye ndoo. Ukisikia harufu tamutamu na kioo cha mbele kinashika ukungu wenye mafutamafuta, hiyo ni kulanti (maji ya kupozea injini) inavuja kwenye rejeta ndogo ya hita. Kulanti nyingi ni sumu, peleka gari kwa fundi. Harufu ya petroli, simamisha gari. Moshi wa ekzosi, fungua vioo na usiendelee na safari, maana ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksidi ambayo yenyewe haina harufu na inaua watu wakidhani wanasinzia. Plastiki inayoungua, zima feni. Mzoga, basi ni panya, nami sina somo la panya.

Hatua ya 1. Toa majani na takataka chini ya wipa, hewa ya nje inaingilia hapo.

Hatua ya 2. Badilisha filta ya hewa ya ndani. Kwa magari mengi iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi, upande wa abiria. Fuata mshale wa mwelekeo wa hewa. Usiioshe ile ya karatasi.

Hatua ya 3. Mpira wa kutolea maji. Hapa tulieni, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mimi nilianza na povu la kusafishia evaporeta. Nilinunua makopo mawili, nikayamaliza yote nikijiona fundi, gari likanukia kama hospitali. Siku ya nne nikasikia harufu mpya, mbaya kuliko ile ya kwanza, halafu nikakanyaga kapeti upande wa abiria, likalia "chwaa". Mpira ulikuwa umeziba kwa tope. Povu liliyeyuka, likaungana na uchafu wote wa evaporeta, likakosa njia ya chini, likamwagikia ndani. Chini ya kapeti la gari kuna sponji nene inayokunywa maji bila kuonyesha dalili juu. Niling'oa siti mbili na kuanika kapeti juani karibu wiki nzima, majirani wakiuliza kama nafungua duka.

Basi anza na mpira. Washa AC baridi ya mwisho kwa dakika kumi na tano, kisha chungulia chini upande wa abiria. Siku yenye unyevunyevu lazima uone matone. Siku kavu yanaweza kuwa machache mno, usitaharuki. Kama hewa ina unyevunyevu, AC inapoza vizuri na chini pakavu, mpira umeziba.

Zibua kwa kitu laini kinachopinda, kama kipande cha plastiki cha kufungia nyaya. USITUMIE waya mgumu. Evaporeta haiko mbali na tundu hilo, ukiitoboa gesi yote inatoka na kazi inayofuata ni kushusha dashibodi. Usipulize upepo wa kompresa ya gereji kwa nguvu kutokea chini, unaweza kuuchomoa mpira au kurudisha tope ndani. Usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, weka stendi. Ekzosi ipoe kwanza. Na usikae na uso chini ya mpira huo mdomo ukiwa wazi. Sitaeleza nimejuaje.

Hatua ya 4. Povu la kusafishia evaporeta. Injini imezimwa, feni imezimwa, filta imetolewa. Ingiza mrija wa kopo kupitia mpira wa maji, au kupitia nafasi ya filta kama hapo unaiona evaporeta yenyewe, zile karatasi nyembamba za alumini zilizopangana. Ukiona mapanga ya feni, hapo sipo. Mota na resista yake (kidude kinachopanga kasi ya feni) havipendi maji, na makopo mengi yana gesi inayoshika moto. Kopo moja linatosha. Subiri muda ulioandikwa kwenye kopo.

Hatua ya 5. Washa injini, AC ikiwa imezimwa, feni polepole kisha kasi, milango wazi, dakika kumi na tano. Chini yatatoka maji ya rangi ya chai. Ndipo urudishe filta.

Hatua ya 6. Kuanzia leo, dakika tatu hadi tano kabla ya kufika, zima kitufe cha AC uache feni ikivuta hewa ya nje. Evaporeta inakauka. Usipofanya hivi, baada ya miezi michache utarudi kuniuliza.

MASWALI

Breki_Mkono: Somo zuri mkuu, ubarikiwe. Sasa nikiongeza gesi kidogo si itasaidia?

Mwandishi: Aya ya tatu. Nimeiandika kwa herufi kubwa kwa ajili yako.

Mama Tairi: Kaka, langu linanuka dakika ya kwanza tu nikiwasha, halafu linatulia. Lakini nikiwa kwenye foleni harufu inarudi, inapotea, inarudi. Kwa nini isiwe moja kwa moja?

Mwandishi: Dada, hili ndilo swali nililokuwa nalingoja. Kompresa ya AC, ile pampu inayosukuma gesi, haifanyi kazi mfululizo kwenye magari mengi, inakata na kushika. Inaposhika, evaporeta ni baridi na maji yanabaki matone, harufu nayo inabaki imefungiwa humo. Inapokata, evaporeta inapata joto kidogo, maji yanaanza kupaa kama mvuke na kubeba harufu hadi puani kwako. Sikiliza mlio mdogo wa kompresa na ulinganishe na harufu. Zikienda pamoja, tatizo liko kwenye evaporeta, wala usihangaike na siti. Anza hatua ya 3.

Gia_ya_Tano: Mimi natumia dawa ya kung'arishia nguo, ile ya klorini, naichanganya na siki napulizia kwenye matundu ya hewa. Ni rahisi na inaua kila kitu. Mnapenda kupoteza hela.

Mwandishi: Inaua kila kitu, na wewe umo. Klorini ikikutana na siki inatoa gesi ya sumu, nawe unaipuliza kwenye chumba chenye vioo. Ikibaki klorini peke yake inakula alumini. Msimwige.

Gia_ya_Tano: Miaka miwili sijafa.

Mwandishi: Sawa.

Mzee Boneti: Vijana, gari langu ni la zamani. Nimefungua kisanduku, nafasi ya filta ipo lakini ndani hamna kitu. Ameiba fundi?

Mwandishi: Shikamoo mzee. Huenda hajaiba mtu. Yapo magari yaliyotoka kiwandani na nafasi tupu, na mengine yana kifuniko cha plastiki inabidi ukikate. Kama nafasi ipo, tafuta filta ya vipimo hivyo uiweke. Ila kwanza mulika tochi ndani. Gari lililokaa bila filta linakuwa na majani na manyoya yamejishikiza kwenye evaporeta. Yatoe kwa brashi laini, taratibu, maana zile karatasi za alumini zinapinda kwa kidole.

Mzee Boneti: Marahaba. Nimetoa majani kiganja kizima na kiota.

Nanasi_Bichi: Samahani kwa kutoka nje ya mada. Mtoto amemwaga maziwa siti ya nyuma, nahisi AC inasambaza.

Mwandishi: Inasambaza, lakini si kosa lake. Maziwa ukiyapaka manukato yanazidi. Nyonya kwa mashine, suuza kwa maji ya uvuguvugu, tumia dawa yenye vimeng'enya inayovunja protini, nyonya tena, anika.

Mama Tairi: Nyongeza kwa Nanasi: fungua na ile sehemu ya kufungia mkanda wa mtoto. Maziwa yanajificha humo.

Mwandishi: Hiyo sikuijua. Asante dada.

Kioo_Nyuma: Vipi mashine ya ozoni? Jamaa amenifanyia nusu saa, harufu imekwisha kabisa.

Mwandishi: Itarudi kama maji bado hayatoki. Ozoni inaua kilichopo leo, haizibui mpira wala haitoi tope. Usikae ndani ikifanya kazi, inaumiza mapafu, na ukimaliza acha milango wazi vya kutosha. Ikirudiwarudiwa inachosha raba za gari.

Sentensi_Fupi: Feni ya gari langu jipya inajiwasha yenyewe nikishaegesha. Nimeuziwa gari bovu?

Mwandishi: Hapana mkuu, limekuzidi akili kidogo. Baadhi ya magari mapya yanasubiri baada ya kuzimwa kisha yanapuliza evaporeta yenyewe ili ikauke. Ndiyo hatua ya 6 bila wewe. Soma kitabu chake, mengine yanaruhusu kuiwasha au kuizima kwenye mipangilio.

Breki_Mkono: Mkuu nimefuata somo lako lote na sasa feni haizunguki. Nani atanilipa?

Mwandishi: Povu ulipulizia wapi?

Breki_Mkono: Pale penye mapanga, maana ndipo palikuwa karibu.

Mwandishi: Rudi hatua ya 4. Chomoa plagi ya feni, acha ikauke siku mbili, halafu mwambie fundi aangalie resista kabla ya mota. Na kapeti, umelibonyeza?

Breki_Mkono: Limelia chwaa.