Somo: Shingo na mgongo wa juu vinauma, chanzo ki wapi?

Hapa Lamu maumivu yakianza tu, mtu hukimbilia kukandwa mafuta ya nazi. Hutuliza, ila hakusemi chanzo. Mimi nilikandwa miezi minne nikilaumu kushona kofia. Kumbe mkosa ni mto wa sufi niliorithi, mgumu kama tofali.

Hatua ya 1: Andika saa. Siku saba, kila yanapoanza. Hii musiiruke. Ukiamka nayo yakalegea jua likipanda, shuku mto, kitanda cha kamba kilichobonyea, au kulala kifudifudi. Ukiamka salama yakaja alasiri, ni kazi: kofia, nakshi, mbuzi ya kukunia nazi, na hiyo simu. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5 hivi. Ukiinama, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokizuia kisianguke, nayo haipumziki mpaka uinuke.

Hatua ya 2: Onyesha kwa kidole kimoja. Pakibonyezwa pakauma papo hapo, mara nyingi ni misuli. Yakishuka mkononi hadi vidoleni kwa ganzi au kuchomachoma, huenda neva imebanwa kwenye pingili za shingo.

Hatua ya 3: Geuza shingo polepole, kisha inua mkono. Shingo ikigeuka bila tabu na mkono ndio unaouma kuinuka, chunguza bega.

Hatua ya 4: Badili kitu kimoja tu, wiki nzima. Ukibadili mto, kiti na taa pamoja, hutajua kilichokufaa.

Umeanguka mnazini au kwenye punda? Una homa na shingo imekakamaa? Miguu inaishiwa nguvu, mkojo hauzuiliki? Unakonda na maumivu hayakuachi usiku? Acha hatua zote, nenda hospitali.

Maswali

*Shikamoo bibi. Nashona kofia mkekani tangu asubuhi. Niache?*
Marahaba mwanangu. Usiache, riziki hiyo. Egemea ukuta, weka mto mapajani kofia ipande karibu na macho, na kila nusu saa simama. Kapimwe macho pia: asiyeona tundu la sindano huinama bila kujijua.

*Kinyozi wangu hunialisha shingo mpaka ilie, napata raha. Kuna ubaya?*
Raha ya dakika kumi. Akande mabega, lakini kupindua shingo kwa ghafla mkataze. Humo mna mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo.

*Bibi, nina miaka 58. Maumivu ni katikati ya mabega, nikipanda ngazi na ndoo ya maji tu. Nikikaa yanaondoka. Nibadili mto?*
La, baba. Yanayokuja kwa kujitahidi na kuondoka kwa kupumzika yaweza kuwa ya moyo, hata kifua kisipouma. Nenda hospitali ya King Fahd hapa Lamu leo ukapimwe moyo, na ndoo mwachie kijana. Yakikujia umekaa, au na jasho na pumzi kukatika, usitembee; wakubebe.